Mvua ya Mwaka Jana

Kwa kinyozi, chumba cha juu,
Mtaa wa bondeni.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, mimi na wote tuliobaki. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukisimama wodini zamu nzima maumivu yanashuka mpaka kwenye goti. Usiache kuukanda kwa maji ya moto, hata ukirudi umechoka. Na kile kikohozi cha mtoto kimekwisha? Baba watoto hajambo? Mwambie nimesikia amenenepa na nimefurahi, maana siku ya harusi yenu lile koti lilionekana kama limetundikwa kwenye msumari.

Sisi tuko salama kwa kiasi chake. Mama hajambo, miguu yake ni ile ile, presha inapanda na kushuka. Mwanangu Chiriku amerudi shule, na mdomo wake umerudi pia. Wiki za mwanzo alinyamaza mpaka nikaogopa. Sasa anaongea hata akipiga mswaki, na mimi simkatazi.

Bado tunakaa hapa juu kwa kinyozi. Ni chumba kimoja chenye dirisha moja, na chini mashine za kunyolea zinavuma kama nyuki tangu asubuhi. Yeye na mkewe wamehamia chumba cha nyuma wakatuachia hiki, pamoja na runinga yao, kwa ajili ya Mama. Nyumba yetu inakauka polepole. Ukutani maji yameacha mstari wa kahawia, uko juu ya swichi ya taa.

Ulipopiga simu siku ile, ukalia, ukaniuliza kwa nini kaka yako alikuwa mbishi, kwa nini hatukutoka tulipoambiwa, mimi nilinyamaza. Sikukosa jibu, wifi. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, na unamjua masikio yake, simu iwe na spika au isiwe nayo yeye anasikia. Alikuwa anatikisa kichwa kukubaliana na wewe. Ningesema nini mbele yake? Kwa hiyo naandika. Nisamehe mapema, barua hii ina hasira. Unanijua, mimi si mtu wa kelele, miaka yote mlikuwa mnanitania kwamba hata kuku nawafukuza kwa kuwaomba. Lakini sasa naikandamiza kalamu mpaka maandishi yanatokea kwenye ukurasa wa chini.

Najua ulichokiona kwenye simu, maana kila mtu alikiona. Yule dada wa studio, nywele zimelala vizuri, anasema wakazi wa bondeni walikaidi tahadhari. Halafu anasema mmoja wao, fundi wa rangi, inasemekana alirudi ndani kuokoa runinga yake.

Inasemekana. Nimelala nalo neno hilo na kuamka nalo. Nani alisema? Mimi nilikuwepo, sikusema. Kinyozi alikuwepo, hakusema. Mama dobi, ambaye anapumua leo kwa sababu ya kaka yako, hakuna mtu aliyemsogezea maikrofoni. Mtu anakaa kwenye kiti kinachozunguka, mahali pakavu, anatoa neno mdomoni, na mume wangu anakuwa mtu aliyefia runinga.

Nitakueleza ilivyokuwa, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Wewe uliondoka kabla ya kituo cha mafuta kujengwa kule juu kwenye mzunguko wa barabara. Mbele ya kituo kuna nguzo yenye mistari myekundu na myeupe, kaka yako ndiye aliyeipaka. Mfereji mkubwa unaotuletea maji unaanzia pale. Maji yakizamisha mstari mwekundu wa tatu kule, tunajua yanakuja kwetu, na tunapata muda wa kuzima jiko, kuvalisha watoto na kutoka bila kukimbia.

Sasa, mwandishi wa habari za mvua, yule kijana tunayemwita Bwana Mwavuli, siku zote husimama pale pale, kwa sababu ndipo gari lao lenye dishi linapopata pa kuegesha. Kwenda kutazama nguzo mwenyewe ni mwendo, na mvua ikinyesha njia haipitiki. Basi mtaa mzima ukazoea kuitazama kwenye runinga. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza Bwana Mwavuli. Tulikuwa tunatazama nyuma ya mgongo wake. Mstari wa kwanza, kazi zinaendelea. Mstari wa pili, tunapandisha vitu juu ya kabati. Wa tatu, tunatoka, watoto mbele, tunapanda ngazi za kinyozi. Wakati mwingine alikuwa anaiziba nguzo kwa mwavuli wake, na watu wanaipigia kelele runinga: sogea baba, sogea huko. Kinyozi alisema kijana yule analipwa kuongea wakati kazi yake ya maana ni kusogea.

Nguzo ile haikuwahi kutukosea. Misimu yote ile, hakuzama hata kuku.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mvua ilianza kabla hapajapambazuka. Tukawasha runinga, Bwana Mwavuli huyo, na nyuma yake nguzo, maji yamegusa mstari wa kwanza tu. Kwenye kona ya juu kuna maandishi meupe ndani ya kiboksi chekundu: MOJA KWA MOJA. Sauti yake inasema katikati ya mji hali ni ya kuridhisha, wakazi wa mabondeni wafuatilie taarifa. Tulikuwa tunazifuatilia. Tulikuwa tumezikodolea macho.

Kaka yako akatazama, akasema, "Bado." Mama alikuwa amesinzia baada ya dawa, na kumtoa Mama kwenye mvua kubwa si mchezo, kifua chake unakijua. Kaka yako akasema safari hii hatutangoja mstari wa tatu. Ukiguswa wa pili tu, tunatoka, kwa sababu ya Mama. Huyo ndiye mbishi wenu. Alijiongezea mstari mzima wa usalama.

Tukakaa tunatazama. Maji ya kwenye runinga hayapandi. Chiriku akasema labda leo mfereji umezibuliwa. Kaka yako alikuwa ameshika kikombe chake cha chai, kile chenye doa la bluu. Unakumbuka hadithi yake? Siku moja alichovya brashi kwenye chai badala ya kwenye maji, akaendelea kuandika, halafu akainywa. Alikuwa hajakimaliza kikombe hicho maji yalipoingia. Hayakupenya chini ya mlango. Yaliusukuma mlango wenyewe. Na kwenye runinga bado ni mstari wa kwanza, mpaka umeme ulipokatika.

Akambeba Mama mgongoni. Mimi na Chiriku tukashikana mikono nyuma yao, tukafika kwenye ngazi za kinyozi maji yakiwa kifuani. Akamlaza Mama kwenye benchi la juu. Wote tulikuwa tunasikia mama dobi anagonga. Mlango wake wa chuma unafunguka kwa nje, na maji yalikuwa yameubana. Kaka yako akashuka. Sikumwuliza anakwenda wapi, maana kelele za yule mama zilikuwa zinasikika wazi.

Mama dobi mwenyewe amenisimulia yaliyobaki. Kaka yako alivunja dirisha la nyuma, akamvuta kwa mikono, akamsukuma juu ya paa la choo. Akamwambia, "Tangulia mama, nakuja." Ukuta wa yadi ukaanguka kabla hajapanda.

Runinga yetu tuliikuta sebuleni siku ya pili, imelala kifudifudi kwenye tope. Hakuigusa, wifi. Hakurudi hata mlangoni kwetu.

Sasa nisikilize hapa. Baada ya mazishi, watu walipopungua, kinyozi alikuwa na ile taarifa ya asubuhi kwenye simu, wale watu wameiweka wenyewe kwenye ukurasa wao. Nikamwomba niione. Sikuwa natafuta kosa. Nilitaka tu kutazama kitu cha mwisho ambacho kaka yako alikitazama kwa utulivu.

Safari hii macho yangu hayakuwa na haja na mistari. Yakazurura. Nyuma ya nguzo, kushoto, nikaona kibanda cha fundi viatu, na juu yake kibao chake: VIATU HAVIFI. Nikakitambua, kwa sababu kaka yako ndiye aliyekiandika. Alikosea kupima, zile herufi za mwisho zikabanana kama abiria, na fundi viatu akamwambia yeye aliagiza viatu visife, hakuagiza herufi zife njaa. Walicheka mpaka brashi ikaanguka. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea maji.

Ila, wifi, kibanda hicho hakipo. Kilivunjwa barabara ilipopanuliwa, muda mrefu kabla ya mvua za mwaka huu. Fundi viatu alihamia hapa chini, mlangoni kwa kinyozi, na kile kibao amekigeuza meza. Nikashuka ngazi na simu mkononi. Kibao kipo mbele yangu, juu yake kuna gundi na kisigino cha mtu, na kwenye simu kibao hicho hicho kinalowa mvua kule juu kwenye mzunguko.

Fundi viatu akatazama simu, akatazama meza yake. Akavua miwani.

Ilikuwa mvua ya mwaka jana. Walituonyesha mvua ya mwaka jana, wakatuandikia moja kwa moja. Na mtaa mzima ukakaa unangoja maji ya mwaka jana yapande.

Kaka yako angekitazama kibao kile mara moja tu, angejua. Njiani alikuwa hawezi kupita kibao bila kukisoma kwa sauti na kukisengenya, unakumbuka, hata msibani. Lakini tulikuwa tumejizoeza kutazama nguzo. Hakuna jicho lililokwenda kushoto.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni Mama. Tangu baba yenu aondoke, runinga ndiyo imekuwa mwenzake. Yule dada wa studio akisema habari za jioni, Mama anajiweka vizuri mtandio na kujibu, "Nzuri, mwanangu." Na runinga ikamwambia mwanawe alikuwa mbishi. Akaamini. Kila aliyekuja kutupa pole Mama alimwambia hivyo hivyo, alimwonya tangu utotoni, kichwa kigumu, angesikia maneno ya watu angekuwa hai. Nilimwonyesha simu, nikamweleza kibanda. Akanipiga kidogo kwenye mkono, kwa upole, akasema mke lazima amtetee mumewe, ni vizuri, lakini watu wale wamesoma. Na hakuwahi kusema hata neno moja kuhusu kubebwa. Mtoto alimbeba kwenye maji ya kifua, na yeye kinywani mwake amebaki na ubishi tu.

Ndiyo maana nilikwenda kwenye kituo chao. Nilivaa gauni la kanisani na fundi viatu akanisindikiza. Ni jengo la vioo, ukishika kitasa unaona vidole vyako vimebaki. Tukakalishwa kwenye viti vya baridi mpaka mkuu wa habari alipotuita. Hakuwa mkali, angekuwa mkali ningeona afadhali. Alituagizia chai. Akatazama simu, akairudisha mezani taratibu, akasema asubuhi ile gari lao lilishindwa kutoka getini kwa sababu ya maji, na habari haiwezi kwenda hewani bila picha, kwa hiyo walitumia za akiba. Nikamwuliza mbona waliandika moja kwa moja. Akasema sauti ilikuwa ya moja kwa moja. Halafu akaniambia hivi, nayanukuu maneno yake yote:

"Mama, maji ni maji. Ya mwaka jana na ya mwaka huu yanafanana."

Nikamjibu, "Yanafanana kwako, uliye ghorofani."

Ndilo neno pekee la hasira nililowahi kumwambia mgeni maishani mwangu, na lilinitoka kwa sauti ndogo, sijui kama hata alilisikia. Nikamwomba vitu viwili tu. Aseme hewani kwamba picha zilikuwa za zamani, na aondoe lile neno la runinga. Akasema hilo litazua taharuki. Taharuki! Tumezika, wifi, na yeye anaogopa taharuki. Halafu akasema wana wiki ya kuelimisha umma, Ijumaa watatangaza kutoka mtaani kwetu, na kama ningependa, ningeweza kusimama pembeni ya mwandishi nikawahimiza wananchi watii tahadhari. Angenipa maneno yameandikwa.

Tukashuka ngazi. Tulipofika barabarani fundi viatu akageuka kulitazama jengo. Akasema amezitazama soli za yule bwana chini ya meza, na anaapa soli zile hazijawahi kukutana na tope.

Nilitaka wasikanyage kabisa mtaani kwetu. Kinyozi ndiye aliyesema waje. Akasema, sisi miaka yote tumemtazama nani, Bwana Mwavuli au nyuma yake? Basi na wengine watazame nyuma yake.

Nikatoa mbao moja iliyopona kwenye vitu vya kaka yako, na kopo la rangi nyeusi ambalo mfuniko wake ulikuwa umekaza. Brashi zake nilikuwa nimezisafisha zote, sijui nilikuwa namsafishia nani. Nikajaribu kufanya kama yeye. Alikuwa anapiga mstari kwa uzi wenye chaki kwanza, ndipo anaandika, na kila akimaliza herufi anapangusa brashi kwenye paja la kushoto. Suruali zake zote ziko hivyo, mguu wa kushoto kama bendera. Nilipomaliza nikatazama gauni langu, nami nilikuwa nimepangusia paja la kushoto. Nikakaa chini kidogo.

Herufi zangu zimelala, nyingine nene, nyingine nyembamba. Lakini zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Niliandika:

MLITUONYESHA MVUA YA MWAKA JANA.
TUKANGOJA.

Ijumaa wakaja mchana, jua kali, na Bwana Mwavuli na mwavuli wake. Mtaa ukamcheka, mama dobi akamwuliza kama anategemea mvua ya mwaka jana. Akatabasamu bila kuelewa. Wakamsimamisha mbele ya ukuta wetu, pale penye ule mstari wa kahawia, wakawasha taa zao. Mimi walinitafuta nikasimame pembeni yake, nikasema siwezi, kichwa kinaniuma. Kwa kweli kilikuwa kinauma.

Akaanza kuongea. Alipofika kwenye kukaidi tahadhari, kinyozi na fundi viatu wakatoka mlangoni kwetu na mbao, wakasimama nyuma yake kimya. Hawakupiga kelele. Mpiga picha akaona, akageuza kamera kulia. Wakahamia kulia. Akageuza kushoto, wakarudi kushoto, kinyozi na aproni yake, uso umekauka kama anapigwa picha ya pasipoti. Mama dobi akaenda kusimama pembeni yao, amekunja mikono. Halafu mtaa wote ukasogea, hakuna aliyeitwa. Bwana Mwavuli akaona macho ya mpiga picha yako pengine, akageuka, akasoma. Akashusha mwavuli.

Mke wa kinyozi akapiga kelele kutoka dirisha la juu kwamba inaonekana, inaonekana yote, na bado inaonekana. Halafu akasema wameweka tangazo la sabuni.

Yule kijana hakuondoka haraka. Alinifuata nikiwa nimeegemea ukuta, akasema kwa sauti ya chini, "Siku ile nilikuwa ndani ya ofisi, mama. Sauti tu ndiyo ilikuwa yangu." Akasema aliwaambia wafute yale maandishi ya kwenye kona na hawakumsikiliza. Nikamwambia kamera ile pale, bado iko kwenye miguu yake mitatu, akaseme hivyo hivyo. Akatazama viatu vyake. Sikumtukana, lakini sikumwambia hakuna neno. Neno lipo.

Mpaka leo kituo hakijasema kitu. Hawajaomba radhi, hawajafuta. Wewe huko ukifungua simu bado utamkuta yule dada anasema inasemekana. Na mimi hasira yangu haijapungua hata kidogo, nisikudanganye.

Lakini Mama alikuwa juu Ijumaa ile, mbele ya runinga, na Chiriku pembeni yake. Unajua anavyosoma, kidole hewani, neno moja moja. Chiriku anasema mbao ilipotokea Mama aliinua kidole akasoma kwa sauti, mlituonyesha, mvua, ya mwaka, jana. Akasoma la mwisho. Kisha akauliza nani ameandika, Chiriku akasema ni mama. Akasema ndiyo, aliona si mkono wa mwanawe, mwanawe hakulaza herufi.

Jioni saa ya habari ilipofika, Chiriku akawasha kwa mazoea. Yule dada akatokea, akasema habari za jioni. Mimi nilikuwa namenya viazi, nikasubiri Mama ajibu. Alimtazama tu, mtandio umeanguka mabegani na hakuuinua.

Akasema, "Zima."

Chiriku akazima. Chumba kikawa kimya, hata chini mashine zilikuwa zimefungwa. Na kwenye ukimya huo, wifi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Mama akatusimulia. Anasema alipokuwa mgongoni, maji yakipiga, alishika kitu chochote alichokipata, na alichokipata ni masikio. Kaka yako akamwambia, "Mama, shika mabega, mimi si baiskeli." Akacheka, kwenye maji yale. Na walipofika chini ya ngazi akatazama kibao cha kinyozi kupitia mvua, akasema ile K bado imekaa vibaya, kesho atairudia.

Mama alisimulia mara mbili. Mara ya pili alijishika masikio mwenyewe kutuonyesha.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Piga simu. Usimwulize kwa nini hawakutoka. Mwulize alivyobebwa, umwache aanze mwanzo, hata kama salio litaisha.

Msalimie baba watoto na koti lake. Mbusu mtoto wa kikohozi, mwambie shangazi yake Chiriku, ingawa ni dada yake, anadai aitwe shangazi kwa sababu ni mrefu. Msalimie na yule binamu yetu dereva kama mnaonana. Huku anakusalimu Mama, anakusalimu kinyozi na mkewe, fundi viatu anasema ukija njoo na viatu vilivyochoka, na mama dobi anakuombea kila anapopiga pasi, ndivyo alivyosema.

Mungu aupe nafuu mgongo wako, akurudishe nyumbani na miguu mikavu, na akupe watu wa kukuambia ukweli kwa wakati wake.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda leo kama siku ile uliponipokea mlangoni na kunipokonya kikapu,

Mke wa Brashi.